Mtoto Ale Kwanza

Nyumbani kwetu kuna kanuni ambayo hata kitinda mimba wetu anaijua vizuri: mtoto aliyekosa anakula kwanza. Amevunja kikombe, amedanganya, amempiga mwenzake, amerudi na barua kutoka kwa mwalimu, yote hayo yanangoja. Anavua viatu, ananawa, anakaa, tunaomba, anakula. Wakati wa kula hakuna anayemrushia neno la pembeni, wala anayemkazia jicho la "ngoja umalize, utanitambua." Kwetu chakula hakikatwi kwa sababu ya kosa, na hakiliwi kwa hofu.

Wako ndugu wanaosema nawadekeza. Wako akina mama wa jumuiya yetu hapa Moshi wanaoniuliza kwa wema kabisa nimeyatoa wapi haya, na wengi hudhani nimeyaokota kwenye simu, kwa wazungu wenye mtoto mmoja na mashine ya kufulia. Nimeyatoa kwenye Injili ya Yohana, sura ya 21, na naomba tuisome pamoja taratibu, kwa sababu mimi ilinibadilishia jiko na ilinibadilishia malezi.

Petro amemkana Bwana. Amemkana mara tatu, tena akiota moto wa makaa uani kwa kuhani mkuu. Yohana anautaja moto huo katika sura ya 18. Sasa Yesu amefufuka, na Petro amerudi ziwani kuvua samaki. Wamekesha usiku kucha bila kupata kitu. Ni watu waliochoka, wenye njaa, na mmoja wao ana deni zito moyoni. Kukicha, kuna mtu amesimama ufuoni anawauliza, "Wanangu, mna kitoweo?" Hawana. Anawaambia watupe jarife upande wa kuume, na wanapofika nchi kavu na samaki wao 153, wanakuta moto wa makaa umekwisha washwa, samaki yuko juu yake, na mkate upo.

Kama kuna mtu aliyekuwa na haki ya kuanza kikao palepale, ni Yesu. Angeweza kumwita Petro pembeni kabla hajakausha nguo. Badala yake anasema, "Njoni mfungue kinywa." Yeye mwenyewe anautwaa mkate, anawapa. Halafu mstari wa 15 unaanzia pale walipokwisha kula. Hapo ndipo yanapokuja maswali. Yanakuja matatu, na la tatu linamhuzunisha Petro. Nataka tulione hilo pia, maana wanaosema malezi ya upole hayana makali hawajaisoma sura hii hadi mwisho. Kosa la Petro halikufunikwa na samaki wa kuchoma. Liliguswa lote, mara tatu kama lilivyotendwa, lakini liliguswa akiwa ameshiba, ameota moto, na anajua bado ana nafasi yake mezani. Na mwisho wake alipewa kazi: lisha kondoo zangu.

Eliya naye ni hivyohivyo. Amemkimbia malkia Yezebeli, amelala chini ya mti wa mretemu, anaomba afe. Malaika hamhubirii. Anamgusa, anamwonyesha mkate uliookwa juu ya makaa na gudulia la maji. Eliya anakula, analala tena, anaamshwa tena, anakula tena. Swali gumu, "Unafanya nini hapa, Eliya?", analikuta Horebu, mwendo wa siku arobaini mbele.

Mtoto wa shule ya msingi anatoka nyumbani alfajiri. Uji wa saa nne, ukiwepo, ndio wote. Anafika nyumbani alasiri akiwa na jasho, vumbi na njaa inayomtetemesha mikono. Ukimwuliza wakati huo kwa nini amepata tisa kati ya ishirini, jibu utakalopata ni la njaa. Atalia, au atadanganya, au atajibu vibaya, na sasa mtakuwa na kesi mbili. Nimeona kwa hawa watatu wangu, ambao kila mmoja ana tabia yake, kwamba sahani ya wali maharage inamaliza nusu ya ugomvi bila mtu kufungua mdomo. Nusu inayobaki ndiyo kesi yenyewe, na hiyo inastahili akili iliyotulia, yake na yangu.

Mimi ni mtu wa Singida. Nimekulia ugali wa uwele na mlenda, na hadi leo dumu la mafuta ya alizeti linanifuata kutoka nyumbani kila ndugu anapopata safari. Mtori, supu nzito ya ndizi na nyama, nilikuja kuujua nilipoolewa Machame, na niliujua nikiwa kitandani. Uchagani mama aliyejifungua hupewa mtori, na mama mkwe wangu hakuruhusu mtu mwingine aushike ule mwiko. Alikuja kutoka kihambani, shamba la ukoo, na ndizi za mshare, akakaa nasi wiki kadhaa, akawa ananiletea bakuli asubuhi na jioni, ananisimamia mpaka nimalize. "Kula, mwanangu, maziwa hayatoki kwenye maneno." Nilikuwa mgeni katika ukoo ule, sijui Kichagga, sijui hata kumenya ndizi. Alinilisha kwanza. Mengine yote, desturi za kwao, namna ya kuketi na wakwe, lini nizungumze na lini ninyamaze, alinifundisha baadaye, taratibu, na mengi alinifundishia jikoni.

Ndiyo maana mtori umekuwa chakula chetu cha siku nzito. Kuna mtoto amefeli, kuna msiba, baba amekosa malipo ya kazi aliyokwisha kuifanya: napika mtori. Ni kazi ya saa nzima na zaidi, na ina nafasi ya mikono mingi. Ndizi mbichi zina utomvu unaong'ang'ania vidole, kwa hiyo tunapaka mafuta mikononi kabla ya kushika kisu, na kila ndizi ikishamenywa inaingia kwenye beseni la maji isije ikawa nyeusi. Mifupa yenye nyama inatangulia motoni na kitunguu na chumvi mpaka nyama ilegee. Ndizi zinafuata, na nyanya, na karoti kwa anayependa. Zikiiva, nyama inatolewa pembeni, ndizi zinapondwa kwa mwiko ndani ya supu ileile, nyama inarudi, kisha kijiko cha siagi au maziwa kidogo, na ndimu mezani. Siku hizi wengi wanasaga kwa mashine na mtori unakuwa laini sana. Mimi sitaki. Kuponda ni kazi ya watoto, wanapokezana, na mtoto anayeponda ndizi anazungumza.

Hili la mikono ningependa kulikalia kidogo. Ukimkalisha mtoto kwenye kochi, wewe ukakaa mbele yake, ukamwambia "nitazame nikizungumza nawe," umemfunga mdomo. Kwa mila zetu mtoto mwenye adabu hamkazii macho mkubwa wake, halafu sisi wenyewe tunamlazimisha afanye hivyo saa ileile anapoona haya. Lakini mpe ungo wa maharage achambue. Kokoto huku, maharage mabovu kule, macho yake yako chini kwa sababu ya kazi na hakuna anayemdai ayainue. Nami niko kando yake nachambua upande wangu. Kimya cha namna hiyo hakimwogopeshi. Akifika robo ya ungo, mara nyingi anaanza mwenyewe.

Ndivyo ilivyotokea na ile sadaka. Mtoto wetu wa katikati alikuwa darasa la tatu. Kila Jumapili anapewa sarafu ya shilingi 500 ya sadaka ya shule ya Jumapili, na siku hiyo alirudi na midomo myekundu. Ubuyu wa rangi hauwezi kufichwa. Dada yake mkubwa aliona, mimi niliona, baba yake aliona. Tulikula. Alikula polepole kuliko kawaida yake, na wala hakuomba nyama ya kuongeza. Baada ya chakula nikamwambia tuchambue maharage ya kiburu (mseto wa ndizi na maharage) cha kesho.

Tulichambua muda mrefu. Kisha akasema, "Mama, ile hela sikuitoa."

Nikamwuliza ilikuwa ya nani.

"Ya Mungu."

"Na sasa iko wapi?"

"Nimeila."

Alilia hapo, na nilimwacha alie. Sikumwambia "basi yameisha," kwa sababu yalikuwa hayajaisha. Nilimwuliza anafikiri tufanye nini. Alifikiri sana, akasema yeye hana hela lakini anaweza kufanya kazi. Tukakubaliana: Jumamosi nzima ya kusafisha banda la kuku, kazi anayoichukia kuliko zote, na mayai ya siku hiyo yatakuwa sadaka yake. Jumapili aliyabeba mwenyewe kwenye kibakuli hadi kanisani.

Kwa msomaji ambaye hajasali huku kwetu: baada ya ibada watu hutoka nje, na sadaka za mazao hunadiwa palepale uwanjani. Mkungu wa ndizi, kuku, fungu la mboga, mayai. Mzee wa kanisa ananyanyua, watu wanapandisha bei, na mara nyingi mnunuzi akishalipa anakirudisha kinadiwe tena. Mayai ya mwanangu yalinunuliwa, yakarudishwa, yakanunuliwa tena kwa bei ambayo hakuna duka linalouza mayai. Alikuwa amesimama karibu yangu ameshika khanga yangu kwa nguvu. Sijamsikia tena akizungumzia ubuyu wa siku ile, lakini kila mnada anataka kujua mayai yameishia shilingi ngapi.

Najua kuna msomaji ambaye tayari ameshika Mithali 13:24: "Yeye asiyetumia fimbo yake humchukia mwanawe." Siufuti mstari huo, na simdharau anayeushika. Wazazi wangu waliushika, na walinipenda. Ninachoomba ni tusiishie hapo, kwa sababu Paulo naye aliandika, na aliwaandikia wazazi Wakristo. Waefeso 6:4: "Nanyi, akina baba, msiwachokoze watoto wenu, bali waleeni katika adabu na maonyo ya Bwana." Wakolosai 3:21 inaongeza sababu: "wasije wakakata tamaa." Mtume alijua kwamba mtoto anaweza kukatishwa tamaa na mzazi wake mwenyewe. Mstari wa fimbo unanukuliwa kwenye harusi, kwenye ubatizo, kwenye vikao vya shule. Huu wa kukata tamaa sijausikia ukihubiriwa mara nyingi, na ninatamani uhubiriwe.

Na sisi Walutheri tuna ushahidi wa nyumbani kwetu. Martin Luther, akiwa mtu mzima, mezani kwake Wittenberg alipokuwa akila na wageni na wanafunzi, alisimulia kwamba mama yake aliwahi kumchapa mpaka damu ikamtoka kwa ajili ya njugu moja. Alikiri kwamba wazazi wake walimtakia mema. Lakini alikuwa bado analikumbuka, na alisema ukali ule ulimtia woga. Hakuikataa fimbo, alitaka tufaa likae kando yake, yaani zawadi iandamane na adhabu. Huyo ndiye mtu ambaye mwaka 1529 alitoa Katekisimo Ndogo, kitabu kidogo cha mafundisho ya imani, ile ambayo watoto wetu wanaisoma kwenye mafundisho ya kipaimara, na ndani yake akaweka sala ya mezani kutoka Zaburi ya 145: macho ya watu yanamwelekea Mungu, naye huwapa chakula chao kwa wakati wake, huufumbua mkono wake. Sisi tunaisali kila jioni. Anayeiongoza ni mtoto, kwa zamu, hata kama ndiye mwenye kesi siku hiyo. Hasa kama ndiye mwenye kesi. Hatumnyang'anyi mtoto zamu yake ya kuomba kwa sababu amekosa, maana sisi wazazi tukianza kupimwa hivyo nani ataongoza?

Sheria ya nchi nayo isomwe. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 haikubali adhabu inayopita kiasi kwa umri wa mtoto na hali ya mwili na akili yake. Shuleni kanuni za mwaka 2002 zimeweka kikomo cha viboko vinne, tena kwa mamlaka ya mkuu wa shule. Wenzetu wa Kenya waliviondoa kabisa viboko shuleni mwaka 2001. Mimi naona kanisa lingetangulia mbele ya sheria katika jambo hili, kwa sababu kanisa lina ile sura ya 21 ya Yohana na sheria haina.

Katika KKKT, Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania, tuna sikukuu ninayoipenda kuliko zote baada ya Pasaka, Mikaeli na Watoto, mwishoni mwa Septemba. Siku hiyo watoto ndio wenye ibada. Wanaimba, wanasoma masomo, wanasema mistari yao kwa moyo wakiwa wamevaa nguo zilizopigwa pasi tangu usiku. Injili yake ni Mathayo 18, pale Bwana anaposema tusimdharau mmojawapo wa wadogo hawa, kwa maana malaika wao mbinguni siku zote huutazama uso wa Baba. Ndiyo sababu malaika mkuu na watoto wamewekwa siku moja. Nimewahi kuona, siku hiyohiyo ya Injili hiyohiyo, mtoto aliyesahau shairi lake akifinywa nyuma ya kanisa kwa kumwaibisha mzazi wake. Iliniuma sana, na iliniuma zaidi kwa kuwa mama yule nilimwelewa: alikuwa amemfundisha shairi lile kila usiku, na macho ya usharika mzima yalikuwa juu yake. Mzazi anayeona aibu naye ni mtu mwenye njaa. Nilimwalika kwetu chakula cha mchana, yeye na mwanawe. Hatukulizungumza lile jambo kabisa. Mtoto alikula sahani mbili, akasema shairi lake lote sebuleni bila kuombwa.

Baba watoto wangu yuko nami katika haya, na bila yeye yasingewezekana. Ni fundi umeme, mchana kutwa yuko juu ya ngazi za watu, lakini Jumamosi jioni chapati ni zake. Anakanda unga kwa mikono ile mizito, anasukuma, anapanga kwenye hotipoti, na watoto wanamzunguka. Baadhi ya wazee wa ukoo hawakupenda kumwona mwanamume wa Machame na kibao cha chapati. Yeye huwajibu kwa heshima zote kwamba aliyewapikia mitume ufuoni alikuwa mwanamume, na kwamba Paulo aliposema "akina baba" hakuwa anazungumza na mama. Mama yake, ambaye mwanzoni alinyamaza kimya kizito, sasa hutuletea samli ya kupakia chapati hizo. Kuhusu fimbo bado hatukubaliani naye. Anasema watoto wake aliwachapa na wote wametoka watu. Ni kweli, wametoka watu, na mmoja wao nimeolewa naye. Tunachofanya ni kwamba tukiwa kihambani kwake tunamwomba asichape wa kwetu, atuitie sisi, naye anatuita. Anatuita kwa sauti kubwa, lakini anatuita. Namheshimu sana kwa hilo, kwa sababu kwa umri wake hakuwa na lazima ya kubadilika kwa ajili ya mkwe wa kutoka Singida.

Mkubwa wetu sasa yuko kidato cha pili na yuko darasa la kipaimara. Kwa umri wake ungo wa maharage hautoshi tena; anajua kabisa kwa nini ameitwa kuchambua. Yeye huja jikoni usiku, wengine wamelala, anatafuta kiporo. Nimeacha kumfukuza. Kila siku nabakiza wali kidogo makusudi, na akija namkaangia na kitunguu na yai. Usiku mmoja, wali ukiwa kwenye kikaango, alisema haoni kama anaweza kusimama mbele ya usharika akakiri imani, kwa sababu kuna mambo hayaamini. Anasumbuliwa na Mwanzo 22, pale Ibrahimu anapoambiwa amtoe Isaka sadaka. Baba gani anaambiwa amtoe mwanawe, na Mungu gani anaomba hivyo?

Niligeuza wali, nikampakulia, akala. Kisha nikamwambia swali lake ni la kweli na waliomtangulia kuliuliza ni wengi. Tulizungumza mpaka mkaa ukaisha. Sikumpa jibu la kumfunga mdomo, kwa sababu nilitaka aje tena kesho yake. Asubuhi nilimweleza baba yake, naye akasema swali hilohilo lilimsumbua alipokuwa kipaimara, ila hakuwa na mtu wa kumwuliza. Tulimwendea mchungaji wetu sote watatu. Hakushtuka. Alimwambia asiache darasa, aandike maswali yake kwenye daftari na ayalete, na kama siku ya kipaimara itafika akiwa bado hayuko tayari, atangoja mwaka mwingine na hakuna atakayemcheka.

Kwa hiyo daftari lipo, limefika kurasa za kati. Jumamosi hii yeye na baba yake watasoma Mwanzo 22 yote wakati unga umelala, na kitinda mimba ameshadai kwamba safari hii chapati ya kwanza ni ya kwake.